Sh1,000 za Kumfundisha Mtoto Kusoma: Cha Kununua Nyeri na Cha Kuacha Dukani

Kishikwambi nilichomnunulia mwanangu alipotimiza miaka 4 kilidumu wiki 11. Nilikilipia Sh7,500 katika duka moja mjini Nyeri, muuzaji akiniapia kwamba ndani yake mna masomo yote ya chekechea. Wiki ya kwanza mtoto aliimba alfabeti ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, nasi tukampigia makofi. Wiki ya tano aliimba ile ile, kwa kasi zaidi. Wiki ya 11 betri ilikataa chaji. Jioni hiyo nilimwandikia neno "mama" kwenye karatasi, akalitazama kama anayetazama mchoro asioujua. Jina lake mwenyewe pia hakulitambua.

Fundi wa simu alitaka Sh1,800 kubadilisha betri. Niliondoka nacho kama kilivyo. Nikiwa ndani ya matatu ya Karatina, tukisubiri abiria wajae, nilipiga hesabu: kitabu kipya cha hadithi cha mtoto mdogo kilikuwa karibu Sh250. Sh7,500 zile zingeninunulia vitabu 30, na kwa mtoto wa miaka 4 vitabu 30 ni maktaba nzima.

Tangu siku hiyo, kila nipitapo Nyeri, Karatina, Nanyuki au Embu huingia duka la vitabu nikauliza bei, nikafungua kurasa, nikalinganisha. Bei nitakazotaja ni za kukadiria. Januari hupanda, na duka lililo mkabala na stendi haliuzi sawa na lile lililojificha nyuma ya soko. Hata hivyo, tofauti kati ya bidhaa na bidhaa haibadiliki sana, na hiyo ndiyo itakayomsaidia mzazi mwenye noti moja ya elfu mkononi.

Kabla ya noti hiyo kutoka mfukoni kuna uamuzi mmoja usio na bei, nao ndio unaoamua thamani ya kila utakachonunua: mtoto ataanza kusoma kwa lugha gani?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote 2019 kwa madarasa ya chini, unataka mtoto wa chekechea hadi gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, au Kiswahili mahali palipochanganyika watu, kama mijini. Huku kwetu wazazi wengi hufanya kinyume. Mtoto wa Ruring'u au King'ong'o huongea Kigikuyu na cucu wake, yaani nyanya yake, huongea Kiswahili na watoto wa ploti, kisha anunuliwapo kitu cha kumfundisha kusoma, kila kitu ni cha Kiingereza. Nimewasikia wazazi wakisema Kiswahili "atakishika tu". Naona hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti moja popote uikutapo. Mtoto akishazijua a, e, i, o, u pamoja na konsonanti m, k na t, tayari anasoma mama, kuku, kiti, keti, kata, moto, mkate. Hizo ni herufi nane tu, ambazo mtoto mwenye utulivu wa kawaida huzimudu kwa wiki chache za jioni. Kiingereza hakimpi zawadi hiyo mapema. Herufi a ndani ya "cat" si a ya "cake", wala si a ya "car", na mtoto ambaye hajawahi kuyasikia maneno hayo nyumbani hana pa kushika. Kigikuyu nacho kimenyooka: irabu zake ni saba, mbili zikiwa na alama juu, ĩ na ũ, na ukishazizoea unasoma unachokiona. Mtoto akishaelewa kwamba alama hizi zinabeba sauti za mdomo wake, jambo hilo hajifunzi mara ya pili. Ataingia nalo katika Kiingereza, na huko kazi itakayobaki ni maneno mapya na tahajia yake ngumu.

Nisiwasahau wanaotoka milimani kama mimi. Mtoto wetu akiandika "karamu" badala ya kalamu, amesikia vizuri. Kwa cucu wake kalamu ni karamu, na mwalimu ni mwarimũ. Mwanangu aliniandikia "reo" kwa siku nyingi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kulitamka neno lenyewe polepole, kumwonyesha ulimi unavyogusa nyuma ya meno, kisha kuliandika chini ya lake bila kulikata la kwanza kwa wino mwekundu. Mtoto anayechekwa kwa sababu ya r na l huacha kuandika, na kumrudisha ni kazi ndefu kuliko kumfundisha.

Sasa tuingie dukani.

Kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni chati ya ukutani, Sh100 hadi Sh150, yenye tofaa, igloo na xylophone. Igloo ni nyumba ya barafu, na mtoto wa Mweiga hajawahi kuiona wala hataiona. Chati hizi humfundisha majina ya herufi kwa Kiingereza, ei, bi, si, na majina hayo hayasomi neno lolote la Kiswahili: ukiunganisha "bi" na "ei" hupati "ba". Iache. Nunua karatasi mbili za manila kwa Sh30 au Sh40 kila moja na kalamu moja ya wino mzito, ukae na mtoto mezani mtengeneze yenu. Yetu ina a ya andazi, ch ya chai, m ya mukimo, ng' ya ng'ombe na w ya waru, yaani viazi. Mwanangu alichora waru mwenyewe. Ni duara tu lenye vidoti, lakini hawezi kuisahau herufi hiyo kwa sababu ni mali yake.

Vifaa vya kuandikia ni sehemu ambayo bei ndogo na ubora hukutana. Penseli ya Sh10 inatosha, mradi risasi yake isivunjike kila inapochongwa. Omba uichonge moja palepale dukani kabla ya kununua nne. Penseli nene za watoto, Sh30 hadi Sh50, zina faida kidogo kwa mkono wa miaka 3 au 4, ila si lazima. Ukiikata penseli ya kawaida vipande viwili, kipande kifupi humlazimisha mtoto kuishika kwa ncha za vidole badala ya kuikumbatia kwa kiganja. Chaki iliyovunjika hufanya kazi hiyo hiyo. Krayoni ndizo za kuangalia sana: kuna paketi za Sh50 ambazo ni nta tupu, mtoto anabonyeza hadi karatasi inachanika na rangi haionekani. Jaribu moja kwenye kipande cha karatasi. Isipoacha rangi bila kubonyezwa sana, irudishe.

Raba ni Sh10, na huku Nyeri ina historia yake. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi binamu yake aliyekwisha kuanza shule alivyomwonyesha maandishi, kisha akayafuta kwa raba mbele ya macho yake. Jambo lililomvutia msichana yule lilikuwa kule kufutika kuliko hata maandishi yenyewe. Alitamani awe na uwezo wa kuandika na kufuta kama yule kijana. Ndiye aliyekuja kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kuna wazazi, na walimu pia, wanaowanyima watoto raba wakiamini inafundisha uzembe. Mimi nasema mpe. Mtoto anayejua kosa lina dawa ya Sh10 huthubutu neno gumu.

Daftari la kurasa chache ni Sh20 au Sh25. Chagua la miraba au la mistari mipana, maana mistari ya kawaida ni finyu kwa mkono unaoanza. Sasa utaonyeshwa kitabu cha mazoezi ya mwandiko, chenye herufi za vidoti za kufuatisha, Sh300 hadi Sh500. Kinavutia, kina picha za rangi, kina muhuri wa mtaala. Lakini mtoto hufuatisha ukurasa mara moja na ukurasa umekufa. Nilimaliza kimoja kwa siku tisa. Vidoti hivyo unaweza kuvitia mwenyewe kwenye daftari la Sh20 kila jioni kwa dakika mbili, ukichagua herufi zilizomsumbua mtoto siku ile. Kama shule imekiagiza, nunua kimoja. Kama haijakiagiza, hizo ni pesa za vitabu viwili vya hadithi.

Kibao cha kuandikia kwa chaki ni bora kuliko vyote hivi kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mtengenezee: fundi wa mbao atakukatia kipande cha plaiwudi kilichobaki na kukipaka rangi nyeusi ya ubao, na kwa Sh200 au Sh300 una kitu cha kudumu hadi mdogo wake akue.

Na kuna kuandika kusikogharimu chochote. Desemba tulikuwa Othaya kwa mama yangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua njahi kwenye ungo, mwanangu kando yake. Bila kusema neno, cucu akasogeza njahi sita, saba, akazipanga zikawa duara, akaongeza mstari wa njahi nne upande wa kulia. "Hii ni nini?" Mtoto akainama. "Ni a, cucu." Cucu akazivuruga kwa kidole. "Haya, nipangie wewe." Mtoto akapanga. Duara lake lilikuwa na pembe na mkia ulikaa mbali, cucu akausogeza kidogo tu. Walikaa hapo hadi njahi zikaisha ungoni, na mtoto alikuwa amepanga a, o, i na e kwa mikono yake. Mama yangu alisoma hadi darasa la nne tu. Sijaona mwalimu wa kulipwa aliyefanya zaidi ya alivyofanya yeye asubuhi ile.

Nikifika kwenye vitabu vya hadithi naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo ningependa pesa nyingi ziende.

Kitabu kipya kilichochapishwa nchini, cha kurasa 16 au 24 zenye picha, huuzwa kati ya Sh180 na Sh350. Bei hiyo ina mzigo wa serikali ndani yake: tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013, vitabu hutozwa asilimia 16. Ukilipa Sh232, Sh32 ni kodi. Wachapishaji wamelalamika miaka yote hii, na wako sahihi. Katika nyumba ambayo kitabu kinashindana na unga, Sh32 huamua.

Unapochagua, usitazame jalada. Fungua ukurasa wa katikati. Kwa anayeanza, ukurasa uwe na sentensi moja au mbili, herufi kubwa, picha inayosema kinachosemwa na maneno, na maneno yanayorudiarudia. Msomee mtoto ukurasa mmoja palepale dukani. Akikuuliza "halafu?", kinunue. Akigeuka kutazama mlango, kirudishe. Epuka vile vitabu vyembamba ambavyo kila hadithi huishia kwa mtoto mbaya kuchapwa. Mtoto huvichoka kama tunavyochoka mahubiri marefu.

Vitabu vya mitumba kutoka Ulaya na Marekani ni Sh50 hadi Sh150, na vingine vina kurasa ngumu za kadibodi zisizochanika, jambo zuri kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Lugha ni Kiingereza, watoto wamevaa glavu kwenye theluji. Nunua kwa ajili ya picha. Keti na mtoto, usome picha kwa Kiswahili au Kigikuyu, mbuni hadithi yenu. Mtoto aliyezoea kueleza picha hupata maneno mengi, na maneno hayo ndiyo atakayoyatambua baadaye kwenye maandishi. Ila vikiwa ndivyo vitabu pekee nyumbani, mtoto ataamini kwamba watu wa vitabuni ni wa kwingine.

Kwa Kigikuyu vitabu ni vichache, na vilivyopo havikai madukani muda mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliwaandikia watoto hadithi tatu za Njamba Nene katika miaka ya 1980, ya kwanza mwaka 1982. Ni za kumsomea mtoto wa miaka 5 au 6 kwa sauti, kwa kuwa maneno ni mengi kwa msomaji mpya. Ukikuta nakala, usiiache. Na nyumba nyingi za huku tayari zina kitabu cha Kigikuyu ambacho hakuna anayekihesabu: kile cha nyimbo za kanisani. Jumapili, mwekee mtoto kidole chini ya mstari mnaoimba. Maneno anayajua kwa moyo tangu akiwa mgongoni, kwa hiyo jicho lake linajifunza kufuata sauti kutoka kushoto kwenda kulia bila kutozwa hata ndururu.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa mwenye pesa kidogo ni kujichapishia. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kigikuyu zikiwemo, zilizopangwa kwa viwango kuanzia zile za maneno machache kwa ukurasa. Ni bure, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kupakua, kuchapisha, hata kutafsiri. StoryWeaver ya India nayo ina hadithi za Kiswahili kwa masharti kama hayo. Nenda saiba ukiwa umepakua kwenye simu. Hadithi ya kurasa 8, ikipangwa kurasa mbili kwa kila uso, hutoshea nyuso nne za karatasi, na kwa Sh10 kila uso ni Sh40. Katikati unashona kwa sindano na uzi. Picha zinatoka nyeusi na nyeupe, na hilo halijawahi kumsumbua mwanangu, maana huzipaka rangi mwenyewe. Kama wewe ni wa Chuka au Maua na hukuti hadithi kwa lugha yenu, chukua ya Kiswahili uifasiri kwa kalamu chini ya kila mstari. Leseni inakuruhusu, na mtoto atapata kitabu ambacho hakiuzwi popote.

Halafu kuna maktaba. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa iliundwa kwa sheria ya 1965, na eneo hili lina bahati ya kuwa na maktaba za umma katika miji mikubwa: Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru. Uliza mezani ada ya mtoto kwa siku, ada ya uanachama, na vitabu vingapi anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Kisha hesabu nauli, kwa sababu kwa familia nyingi nauli ndiyo gharama yenyewe. Anayeishi Kamakwa au Majengo anaweza kwenda kwa miguu kila Jumamosi. Anayetoka Naro Moru afanye safari moja kwa mwezi na aiunganishe na siku ya soko. Mwanangu huchagua vitabu mwenyewe, na mara nne mfululizo alichagua kile kile cha simba. Nilimwacha. Mara ya tatu alikuwa anakisoma kwa kukumbuka, kidole chini ya maneno, na mara ya nne alikwama kwenye neno moja, akalitazama silabi kwa silabi, akalipata. Siku hiyo ndipo alipoanza kusoma kwelikweli.

Mwalimu wa kuja nyumbani hutoza Sh300 hadi Sh500 kwa saa, na kwa siku mbili za wiki unatumia Sh2,400 au zaidi kwa mwezi. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 sioni sababu. Saa nzima ni ndefu kwake, na anachokihitaji ni dakika 15 kila siku na mtu anayempenda. Fikiria mwalimu pale tu mtoto amefika gredi ya 2 na bado haunganishi silabi, na hata hapo anza kwa kumpeleka hospitali apimwe macho na masikio. Nimemwona mtoto wa jirani aliyelipiwa masomo ya ziada mihula miwili, kumbe alihitaji miwani. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kutiwa kwenye masomo ya ziada wakati wa likizo. Shule ikikuletea bili ya Aprili au Agosti, una haki ya kuikataa.

Nirudi kwenye kishikwambi, kwa sababu sitaki kusema uongo kwamba teknolojia haifundishi. Mkoani Tanga, Tanzania, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE, wakavitumia kwa miezi 15, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana. Mwaka 2019 tuzo iligawanywa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School. Masomo yale yalikuwa kwa lugha ya mtoto, yamepangwa hatua kwa hatua, sauti kabla ya silabi, silabi kabla ya neno. Kile cha Sh7,500 nilichouziwa kilikuwa na nyimbo na matangazo. Kabla ya kulipa, kiwashe dukani uombe kionyeshe somo moja la silabi za Kiswahili. Kisipokuwa nalo, ni kichezeo, nunua kama unataka kichezeo. Simu uliyo nayo mfukoni inaweza kubeba hadithi za African Storybook, na zikishapakuliwa hazili bando. Kwenye televisheni, kituo cha Akili Kids!, kilichoanza Machi 2020, hupatikana bila malipo ya mwezi, na vipindi vya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, hasa Akili and Me, vimetengenezwa kwa watoto wadogo hawa hawa. Keti naye nusu saa, kisha zima, muulize kilichotokea.

Utajuaje kama pesa zako zimezaa? Mradi wa Uwezo, ulioanza kupima watoto nchini Kenya mwaka 2009, ulitumia kipimo rahisi ambacho mzazi anaweza kukiiga mezani: herufi, maneno, aya, hadithi fupi. Andika herufi kumi bila mpangilio. Akizitaja nyingi kwa sauti zake, mpe maneno mafupi. Akiyasoma, mpe aya ya sentensi nne, kisha hadithi ndogo na maswali mawili. Mahali anapokwama ndipo pa kununulia, si mbele ya hapo. Mtoto anayekwama kwenye maneno hahitaji kitabu kinene. Anahitaji vitano vyembamba.

Kwa hiyo, ukiwa na Sh1,000 mkononi Jumamosi hii, ningezigawa hivi. Penseli nne Sh40, raba mbili Sh20, kichongeo Sh10, madaftari mawili ya miraba Sh50. Manila mbili Sh70 na kalamu ya wino mzito Sh50. Vitabu viwili vipya vya Kiswahili vya Sh230 kila kimoja, Sh460. Hadithi tano za kuchapisha saiba, Sh200. Inabaki Sh100, nauli ya kwenda na kurudi maktaba. Mwezi ujao, ukipata nyingine, usinunue vifaa tena. Nunua vitabu.

Jambo moja liko nje ya mfuko wako. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na chekechea nyingi za umma nilizoingia zina madawati na ubao, lakini hazina rafu ya vitabu vya hadithi. Kila mwaka kaunti hualika wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Ukiusikia mwaliko huo, nenda, simama, uulize chekechea za wadi yenu zimetengewa shilingi ngapi za vitabu vya hadithi, na usiketi kabla hujatajiwa kiasi.